Katuni ya Wajapani, Sehemu ya Pili

Ukiwauliza watu wa Malaba wa rika langu kwa nini sehemu ya pili ya ile katuni ya Wajapani haikuchekesha, watakuambia Wajapani waliharibu. Walibadilisha mchoraji, watasema. Walimnyima yule mke wa kwenye katuni maneno. Mimi huwa nawasikiliza tu na kunywa chai yangu. Wajapani hawakuharibu kitu. Aliyeharibu ni baba yangu, na alianza kuharibu tangu sehemu ya kwanza, wakati kila mtu alikuwa anacheka mpaka anashika mbavu.

Miaka hiyo ya tisini, foleni ya matreila upande wetu wa mpaka ilikuwa haina mwisho. Dereva aliyekwama akingoja karatasi za forodha alihitaji chakula, kitanda, na kitu cha kutazama. Chakula na kitanda vilikuwa tele. Mimi mwenyewe nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, nikakosa pa kwenda, nikawa nafua mashuka kwenye loji moja nyuma ya stesheni ya reli. Kitu cha kutazama kilikuwa kibanda cha video: mabati juu, mabati pembeni, mabenchi ya mbao, na televisheni moja iliyofungiwa ndani ya sanduku la chuma isije ikaibwa. Baba ndiye aliyekuwa mkalimani wa hapo.

Mkalimani wa video alikuwa anakaa kwenye stuli kando ya televisheni akiwa na maiki. Anapunguza sauti ya filamu, halafu anawaambia watu kinachosemwa. Ng'ambo ya Uganda kazi hiyo ilikuwa na wenyewe, na walitafsiri kwa Kiganda. Baba alitumia Kiswahili chetu cha mpakani, akitia Kiteso kidogo cha kwao na Kiluhya kidogo cha kwa wakwe zake, ili kila mtu kwenye benchi apate fungu lake. Nyingi zilikuwa filamu za ngumi, na filamu ya ngumi haitaki maneno mengi. Mtu amepigwa, umeona amepigwa.

Katuni ililetwa na dereva mmoja aliyekuwa akivusha magari makuukuu ya Japani kutoka Mombasa kwenda Kampala. Chini ya kiti cha gari moja alikuta katoni ya kaseti. Tulipozitia kwenye mashine, picha zilitoka bila rangi, nyeusi na nyeupe. Fundi alisema mitambo ya Wajapani haielewani na yetu, na hakuna aliyembishia. Ndani mlikuwa na mume mwembamba mwenye miwani, mkewe wa aproni, mtoto wa kike, na mzee jirani ambaye kazi yake ni kuja kuazima vitu. Hakuna aliyekufa. Hakuna aliyelipiza kisasi. Mke anakaanga samaki, mume anasahau mwavuli, jirani anarudisha sufuria iliyotoboka, kaseti imeisha. Mwenye kibanda alitaka kuzitupa, baba akamwambia, "Hizo niachie mimi."

Baba hakujua Kijapani hata neno moja. Nasema hivi ili msidhani kuna mtu aliyedanganywa. Kila aliyeingia alijua baba hajui, na utamu wenyewe ulikuwa hapo. Aliwageuza wale watu kuwa watu wa Malaba. Mume alimpa kazi kwenye mizani ya malori, jirani akawa kishoka wa forodha, wakala asiye na ofisi wala leseni. Mke, ee, mke ndiye aliyejaza kile kibanda. Na maneno ya mke yalitoka nyumbani kwetu.

Mama yangu alikuwa na ulimi. Alikuwa akiuza omena, dagaa wa ziwani, kutoka Osieko pale soko la Malaba, na kwenye omena ukiwa mpole utakufa njaa. Baba akichelewa, mama anamwambia, "Karibu mgeni, nyumba hii inakujua?" Baba akiuliza kama nyama imeisha, mama anasema, "Haijaisha. Haikuanza." Siku moja alimtazama na suruali yake iliyochakaa, akamwambia akifa atamlilia sana, lakini akiwa hai ashone hilo tako. Jumapili iliyofuata, baada ya kanisa, mke wa Kijapani aliinua mwiko mbele ya mumewe na kumwambia ashone hilo tako. Watu walianguka kutoka kwenye mabenchi.

Mwanzoni mama alicheka na yeye. Matanboi, wale wasaidizi wa madereva, walikuja kwenye meza yake ya omena kumsalimu kwa maneno yake mwenyewe, naye akawajibu, na omena ikatoka. Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa, na baba alitunzwa kweli, kwa soda na kwa sifa. Mimi ndiye niliyeanza kuona jambo baya. Baba aliacha kumjibu mama. Mama akimgombeza, alikuwa anatulia na kutega sikio, na kuna siku nilimwona anasogeza midomo akirudia maneno asije akayasahau. Mwanamke anagombana na mumewe ili asikike. Kukaririwa ni kitu kingine.

Halafu ikaja habari ya sukari.

Mama alikuwa na desturi ya kumpelekea nyanya, mama yake mzazi, sukari kule Busibwabo. Aliificha kwenye kikapu chini ya omena. Si kwamba baba angekataa. Kuna vitu mwanamke humpa mamake ambavyo havitaki tarumbeta. Baba alijua miaka yote na alinyamaza, na hilo lilikuwa mojawapo ya mambo yake mazuri. Lakini kwenye kaseti moja mke wa Kijapani alifunga kitu ndani ya kitambaa, akatazama kushoto na kulia, akatoka. Akaenda kugonga mlango wa kikongwe fulani. Baba alihitaji maneno, na maneno yakamjia. Mke akasema, "Mama, sukari hii hapa, akiuliza nitamwambia panya wamekula." Kikongwe akajibu kwa sauti ile ile ya nyanya, ya puani, "Leta haraka kabla mkwe hajaamka. Yeye hana maana, lakini sukari yake ni tamu."

Kwa mtu asiyetoka kwetu huo ni mzaha tu. Kwetu, mwanamume na mama mkwe wake hawashikani mikono. Hawakai chumba kimoja. Akimwona njiani, anaingia shambani mwa watu mpaka apite. Heshima yao ni huo umbali, na baba alikuwa ameushika tangu alipooa bila kuteleza hata mara moja. Sasa akachukua sauti ya yule mama, akaitia kwenye maiki, mbele ya madereva wa kutoka kila mahali. Mzaha mzaha, hutumbuka usaha.

Maneno yalisafiri. Vijana wa boda boda, wakati huo wakibeba watu kwa baiskeli, waliyapeleka mpaka mjini Busia, na kutoka Busia kwenda Busibwabo si safari. Haikupita muda mrefu, mjomba wangu mdogo akafika kwetu na paketi ya sukari ambayo haijafunguliwa. Nyanya ameirudisha. Ametuma kusema kwamba chai ya bila sukari pia ni chai.

Mama hakugomba. Aliiweka ile paketi mezani, mahali baba anapokaa, akafunga nguo zake na kuondoka na mjomba. Kelele za mama nilizizoea. Kule kunyamaza kulinitia hofu.

Baba alisema mama atarudi baada ya hasira kuisha. Badala yake ilifika sehemu ya pili. Yule dereva alikuwa ameulizia kwa wenzake bandarini mpaka akapata kaseti nyingine za familia ile ile, na habari zikaenea kwenye foleni yote. Siku ya kwanza watu walijaa mpaka wengine wakachungulia kwenye matundu ya misumari.

Nitasema ukweli kuhusu katuni yenyewe, kwa sababu na yenyewe ilikuwa na makosa yake. Familia ilikuwa imehamia nyumba kubwa zaidi, na sebule ile ndogo tuliyoizoea haikuwepo. Jirani wa kuazima vitu alionekana kidogo sana. Nusu ya kaseti ilikuwa watu wanakaa na kukumbuka, halafu tunaonyeshwa picha zile zile za sehemu ya kwanza, kama mtu anayekukaribisha kwa chakula cha jana. Na mke walikuwa wamemchora upya, shingo nyembamba, uso mrefu. "Huyu si yule," mama mmoja muuza ndizi alisema. "Huyu ni dada yake."

Hata hivyo baba alikuwa amewahi kuwachekesha watu kwa mtu anayechemsha maji. Angeweza. Shida ni kwamba nyumbani hapakuwa na mtu wa kumgombeza. Mke wa Kijapani alipofungua mdomo, baba alimpa ile ya nyama haikuanza. Watu wakacheka kwa adabu. Akampa ile ya tako. Sauti ikatoka benchi la nyuma, "Hiyo tulisikia, boss." Wiki iliyofuata alijaribu kumtungia maneno mapya, na yalikuwa maneno ya mwanamume anayejifanya mwanamke. Mabenchi yakaanza kuwa na nafasi.

Siku moja alirudi jioni, nimepika ugali na kunde, akakaa akanitazama.

"Nimechelewa," akasema.

"Nimeona, baba."

"Basi sema kitu."

"Niseme nini?"

"Chochote. Mtu amechelewa, chakula kimepoa. Sema."

"Chakula hicho hapo, baba. Kula."

Alingoja kidogo aone kama kuna zaidi, halafu akanawa mikono. Nilikuwa nimemkasirikia kwa muda mrefu, na nilikuwa na haki. Lakini alivyokuwa anakula pale akiwa ameinama, nilimwonea huruma mpaka nikatoka nje. Alimkosa mama. Alidhani anachokosa ni maneno ya Jumapili.

Alikuja kuelewa mbele za watu. Kwenye kaseti moja mke alisimama mlangoni peke yake, akasema jambo refu kwa sauti ya chini. Baba aliinua maiki. Tulingoja. Akasema, "Anasema... anasema ameenda kwa mamake." Hakuna aliyecheka. Dereva mmoja mzee, Mswahili wa pwani aliyekuwa akipita kwetu miaka mingi, akasema bila kelele, "Basi si umfuate, mzee mwenzangu."

Tulikwenda Busibwabo watatu: baba, binamu yake mkubwa aliyechaguliwa kuwa msemaji, na mimi. Wajomba zangu wawili walitupokea sebuleni. Mama alikuwa amekaa kwenye mkeka karibu na mlango, miguu ameinyoosha, hakumtazama baba. Nyanya alikuwa jikoni, nyumba ndogo ya nyuma, kama inavyotakiwa mkwe akiwa amekuja.

Binamu wa baba alianza mbali, akasifu mvua, akasifu mahindi. Mjomba mkubwa alimwacha amalize. Halafu akasema, "Sisi hapa hatujakosewa. Aliyekosewa yuko jikoni."

Hapo ndipo shida ilipokuwa, na kila mtu sebuleni aliiona. Baba hawezi kwenda jikoni. Nyanya hawezi kuja sebuleni. Anayeweza kupita kati yao ni mjukuu, na mjukuu aliyekuwepo ni mimi. Baba yangu, aliyewasemea watu wa dunia nzima, alikuwa amepata mkalimani.

Akajiweka sawa kwenye kiti. "Mwambie nyanya yako," akasema, "ulimi hauna mfupa, na vikombe vikiwa pamoja havikosi kugongana." Nilivuka ua. Nyanya alikuwa anachambua kunde juu ya ungo. Nikamgeuzia yale maneno kwa Kiluhya chake. Hakuinua macho. "Uliza ni yeye anasema hayo," akanijibu, "au ni yule wa video."

Nikarudi nikayasema hivyo hivyo. Mjomba mdogo alianza kukagua mabati ya paa. Baba akafuta jasho. "Mwambie sikuwa na nia mbaya. Ilikuwa kazi."

Nyanya alisema, "Na mimi nina kazi," akanionyesha kunde.

Nikamfikishia baba hilo. Binamu yake akamgusa goti, kumkumbusha kuna methali hazijatumika. Baba akatikisa kichwa. Alipozungumza, sauti ilikuwa ndogo, na haikuwa ya mtu yeyote niliyemsikia kibandani. "Mwambie nilichukua sauti yake bila kumwomba. Nilimvunjia heshima mbele za watu. Nimekosa."

Kati ya sebule na jikoni ni hatua chache, lakini nimezaliwa na mkalimani, na njiani maneno mazuri yalinijia, ya machozi, ya kupiga magoti. Niliyaacha uani. Nilimpa nyanya yale yale, makavu kama yalivyokuwa. Mikono yake ikasimama juu ya ungo.

"Sasa nimemsikia," akasema. "Mimi yangu yameisha. Lakini mimi siye niliyeolewa naye. Muulizeni mwenyewe."

Haya, nikarudi na hilo, na wanaume wote wanne wakageuka kumtazama mama kana kwamba ameingia wakati huo. Kweli, tangu tufike hakuna aliyemuuliza kitu.

"Nitarudi," mama akasema. "Nyumba ni yangu. Maneno yangu uliyokwisha kuyauza, yamekwenda, sitayadai. Lakini yule mwanamke wa kwenye katuni, kuanzia leo usimsemee. Mume msemee, jirani msemee, hata paka akiwepo. Yeye mwache na Kijapani chake."

"Watu hawataelewa," baba akasema.

"Kwani mimi walinielewa?"

Mama alirudi, na baba alitimiza. Mume alipozungumza, baba alizungumza. Mke alipofungua mdomo, baba alifungua sauti ya televisheni na kulaza maiki mapajani, na kibanda kizima kikasikiliza Kijapani. Watu walinung'unika, wakapiga miluzi, wakauliza kama mkalimani amelewa. Mwenye kibanda alimwita pembeni. Baba akamweleza kuwa ni makubaliano ya ukweni, na yule mwanamume, ambaye na yeye alikuwa na wakwe, akaelewa. Lakini biashara ni biashara. Alitafuta kijana kutoka Tororo kwa ajili ya filamu za ngumi, akamwachia baba Jumapili mchana tu amalizie katuni. Kila mtu alijua zikiisha kaseti, na maiki imeisha. Nyumbani baba hakulalamika. Aliulizia kazi ya kupakua mizigo pale reli.

Jumapili ya kaseti ya mwisho mama alitoka kanisani akaingia kibandani. Hakuwa amewahi kukaa ndani mle, alizisikia habari zake sokoni tu. Alikaa benchi la mbele akiwa na nguo zake za misa, mimi kando yake. Nyuma yetu walikuwa madereva wachache, na mmoja alikuwa amelala. Baba alimwona, akakohoa, akaendelea na kazi.

Katuni ilikwenda ilivyokwenda. Karibu na mwisho mke alikuwa anaanika nguo, mumewe amesimama nyuma yake na mwavuli, anasema kitu. Baba akamsemea mume: "Nimekuja mapema leo." Basi. Mke akageuka na kibanio cha nguo mkononi, akaanza kuongea. Aliongea sana, akionyesha shati, akionyesha mbingu, akimwonyesha mume. Baba alifungua sauti yote na kukaa kimya.

Mama akacheka. Hakucheka kwa adabu. Alicheka kile kicheko chake cha sokoni, akashika tumbo, akafuta macho kwa leso, mpaka dereva aliyelala akaamka akauliza kuna nini. Hakuna aliyeweza kumwambia.

Tulitembea kurudi nyumbani baba akiwa katikati. Alivumilia mpaka tukapita stesheni.

"Alisema nini?" akamuuliza mama.

"Nani?"

"Yule mke. Umecheka sana. Alisema nini?"

Mama alipanga leso yake begani. "Alikuwa anaongea na mimi," akasema, na akatutangulia.